Jezi Nilizozipanua

Shida yangu ilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na miwili. Mashine ya mkonge ilimchukua baba mkono wa kulia, huko mashambani Tanga, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na mtu wa kwenda kazini. Nilikuwa darasa la nne. Niliacha shule Ijumaa, na Jumatatu nikawa nimekaa miguuni pa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, naokota vipande na kutia uzi kwenye sindano. Darasani sikurudi tena. Nayasema haya mapema ili msomaji asitafute humu maneno ya wasomi. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, na mke wangu amesahihisha pale nilipokosea, akicheka.

Yule fundi alinifundisha jambo moja ambalo nimelibeba miaka hamsini: nguo ya mtoto hushonwa kubwa. Sare ya mtoto wa miaka saba unaikata kama ya mtoto wa miaka tisa. Chini unaacha pindo la vidole vinne, ubavuni unaacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili akikua mama yake arudi kwako ufumue na kupanua. Mtoto akitoka dukani nguo imembana, anayeaibika ni fundi. Watu watasema kaiba kitambaa. Huo ndio uungwana wa kazi yetu, na nilikuja nao mpaka London.

London nilifika nina miaka thelathini na minne. Nimefagia ofisi, nimeosha masufuria, nimekaa miaka sita kwenye kiwanda kidogo cha kushona Walthamstow, ghorofani juu ya duka la mazulia, tukishona mifuko ya suruali. Suruali yenyewe sikuwahi kuiona. Mifuko tu, asubuhi mpaka jioni. Baadaye nikapata meza sokoni Woolwich, meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka lenye mlango na kengele. Hakuna aliyenishika mkono. Barua ya manispaa mpaka leo nasomewa, lakini mtu akiingia dukani kwangu namjua kiuno kabla hajavua koti.

Mtoto wa binti yangu tumemlea sisi. Mama yake ni nesi na zamu zake hazikuwa na mpangilio, basi tangu ana miaka sita alilala kwetu. Ni mjukuu wangu wa kwanza na nilimwita mume mwenzangu, kama babu yeyote wa kwetu anavyomtania mjukuu, kwa kuwa bibi ni mmoja na tunamgombea. Nikimkuta anakula chapati zangu namuuliza, "Mume mwenzangu, zamu yako si kesho?" Kiswahili anakisikia chote, hata matusi. Kujibu anajibu kwa Kiingereza. Nimeshazoea, haya anayosema humu nimeyatafsiri mimi.

Alikuwa mtoto mnene. Shuleni walimcheka sana, na siku nyingi alikula chakula chake cha mchana peke yake. Tulijua hivyo kwa sababu mwalimu alituita. Alikua mrefu na mpana hivyo hivyo, mabega kama mlango, akitembea ameinama kana kwamba anaomba radhi kwa nafasi anayoichukua. Kisha akaingia chuo kikuu, hapahapa London, na siku moja akarudi ametembea wima. Alikuwa amejiunga na timu ya mpira wa Kimarekani.

Nikamwambia mpira ni ule wa miguu, huo mwingine ni ugomvi. Bado nasema hivyo. Wanavaa helmeti na kinga ngumu za mabega, wanapanga mistari miwili wakitazamana, mpira unatoka kati ya miguu ya mmoja, wanagongana kama mbuzi dume, filimbi inalia. Wanagombana sekunde tano, wanazungumza nusu dakika, wanaanza tena. Lakini nilielewa jambo moja. Pale mbele, kwenye mstari wa kwanza, kunatakiwa watu wanene. Mtu mwembamba hana kazi pale. Mara ya kwanza maishani mwake yule mtoto alifika mahali wakamwambia, wewe ndiye tuliyekuwa tunakusubiri.

Timu ilikuwa yao wenyewe, wanafunzi. Kocha alikuwa fundi bomba, Mwingereza, anakuja akimaliza kazi na halipwi chochote. Wachezaji walikuwa wachache hata wengine, pamoja na mjukuu wangu, walicheza bila kutoka uwanjani, wakati wa kushambulia na wakati wa kuzuia. Na walifungwa. Lo, walifungwa. Mwaka wake wa tatu, ambao ndio ulikuwa wa mwisho chuoni, wakamchagua kapteni, na mwezi huohuo wakuu wa michezo wa chuo wakamwita. Wakamwambia msimu uliopita timu haikushinda hata mechi moja. Msimu huu wasiposhinda hata moja, timu inavunjwa na uwanja wanapewa wengine.

Mechi zilikuwa nane, Jumapili, kuanzia Novemba mpaka baridi ya Februari. Alikuwa akirudi nyumbani na matope mpaka masikioni, bibi yake akimuuliza kwa macho tu, naye anatikisa kichwa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alianza kuacha chakula kwenye sahani. Bibi yake akaniambia mtoto halilii mpira, analilia wale wenzake, maana miaka ya mbele watakuja watoto wengine wanene na hawatakuta mahali pa kwenda. Hakutaka timu ifie mikononi mwake. Mpaka mechi ya sita walikuwa hawajashinda. Zilibaki mbili, na ya saba ilikuwa dhidi ya timu ambayo nayo haikuwa imemfunga mtu. Wote waliiwekea matumaini hiyo.

Wiki mbili kabla yake mjukuu akaniletea dukani mfuko wa jezi, ishirini na nane, nyingine zimechanika ubavuni, nyingine mkono unaning'inia. Aliniambia nizibe tu. Nakumbuka vizuri kabisa alisema nizibe tu.

Nilipozitandaza mezani nikashtuka. Nilimpima mjukuu akiwa na kinga zake za mabega na jezi ikawa ndogo kwake kwa inchi sita. Inchi sita! Aliniambia huwa wanavalishana, wawili wanamvuta mmoja. Nikajisemea moyoni, hawa watoto wameuziwa nguo za shule ya msingi. Nikawahurumia. Nikafunga kazi za wateja, nikanunua kitambaa kizuri cheusi chenye kuvutika, nikafumua kila jezi ubavuni na kuingiza kipande kutoka kwapani mpaka pindoni. Mshono nilipiga mara mbili, na juu yake nikapitisha ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo. Siku nne nzima. Sikumwambia mtu, nilitaka wafurahi. Jumamosi alikuja kuchukua mfuko umefungwa vizuri, amechelewa treni, hakuufungua.

Jumapili hiyo nilikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza. Nilikwenda kutazama kazi yangu, niseme ukweli. Mke wangu alikuja na chupa ya chai. Watoto wakatoka, na walikuwa nadhifu, kila mmoja nguo inamkaa kama mtu mwenye fundi wake. Mmoja akaninyooshea kidole gumba. Baadaye nilisikia kuwa siku hiyo walivaa kila mtu mwenyewe, na walifurahi sana huko chumbani.

Nusu saa ya kwanza sikuona kitu, niliona vurugu tu. Mke wangu ndiye aliyeona. Hapendi mpira wa aina yoyote, lakini ana macho.

"Mzee," akasema, "mbona wale wanawashika watoto wetu palepale kwenye kipande chako cheusi?"

Nikatazama. Kila walipogongana, mkono wa mpinzani ulikuwa umeingia kwapani, umekamata kitambaa changu na kukizungusha ngumini. Mjukuu alikuwa anasukuma mbele kwa nguvu zake zote na anabaki palepale, kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Sheria hairuhusu kushika hivyo, lakini mikono ilikuwa ndani, katikati ya miili, na refa aliona mara mbili tu. Zamani jezi zao zilikuwa zimebana hata mkono hauna pa kushika, na ukipata pa kushika kitambaa kinachanika mtu anaponyoka. Mshono wangu haukuchanika. Mechi nzima haukuachia hata uzi mmoja. Sijapata kuichukia kazi yangu kama siku ile.

Walifungwa. Kwa pointi tatu, na timu mbovu kuliko zote.

Kwenye basi mjukuu alikaa kiti cha mbele peke yake. Nyumbani mke wangu hakunisubiri hata nivue viatu. "Umewavalisha watoto wa watu magunia," akasema, "na magunia yenyewe umeyawekea mpini." Nikamjibu kwamba watoto wenyewe ni wavivu, mpinzani akikushika unamng'oa, sisi tulibeba mabunda ya mkonge. Niliyasema hayo mjukuu anasikia. Mimi ni mtu wa kujibu kwanza.

Hakugombana nami. Akaja jikoni amevaa sweta lake la kulalia, lile pana, akasimama mbele yangu.

"Nishike, Babu."

Nikamshika ubavuni. Akajaribu kunipita, hakuweza. Nina miaka sitini na mitano lakini mikono ya fundi haizeeki. Akavua sweta, akabaki na fulana yake ya mazoezi iliyomganda kama ngozi. "Sasa nishike." Nikajaribu. Vidole viliteleza. Nikajaribu tena kwa mikono miwili, na mara akawa ameshanipita, amesimama karibu na jiko, nami nimeshika hewa. Bibi yake alicheka mpaka akakaa chini. Sisi wawili hatukucheka.

Nikamwambia, "Lete nguo."

Neno la samahani halikunitoka. Nilidhani kurekebisha kunatosha, kwa sababu ndivyo nilivyoishi. Mteja akirudisha nguo, unaitengeneza bila maneno na bila malipo, mnaachana vizuri.

Mechi ya nane ilikuwa baada ya wiki mbili, na timu iliyokuwa ya tatu kwenye msimamo. Safari hii nilimwambia wachezaji waje wenyewe dukani, na kinga zao za mabega, niwapime mmoja mmoja. Walikuja Jumamosi iliyofuata, asubuhi. Duka langu lina upana wa vitanda viwili; walijaa mpaka nje, wateja wa sokoni wanadhani kuna uchaguzi. Mke wangu akagawa maandazi. Nilifumua vipande vyeusi vyote, kisha nikawa namvalisha kila mmoja jezi nje ndani na kuibana juu yake kwa pini, kwapani, mgongoni, mkononi, mpaka asiweze kukamatwa. Mtu akihema sana naibana tena. Ilikuwa kinyume cha kila kitu nilichofundishwa. Mikono yangu ilikataa, kila mara ilitaka kumwachia mtoto nafasi kidogo, na kila mara nilipaswa kuikaripia.

Kati yao kulikuwa na kijana mmoja wa Walthamstow, mkubwa kuliko wote, aliyekuja na mama yake kutoka mashariki ya Kongo akiwa na miaka kumi. Kiswahili chake cha kwao kilikuwa hakijapotea, na aliniita Papa. Nilipokuwa nambana kifuani akawa anamtania mjukuu wangu aliyekaa karibu na mlango.

"Papa, huyu kapteni wetu ni mutu wa raha sana," akasema. "Alitwambiaka ni yeye alikuomba upanue jezi, ati tupumue muzuri. Tulimukasirikia wiki nzima. Wengine hawamusemeshi mpaka leo."

Pini zilikuwa mdomoni mwangu. Nikamtazama mjukuu. Alikuwa anatazama maandazi.

Wiki nzima, basi. Wiki nzima alikuwa akienda mazoezini kula lawama zangu. Wale wenzake, ambao kwa ajili yao alikuwa haachi kuumia, walikuwa hawamsemeshi, na akirudi nyumbani ananisalimu, "Shikamoo, Babu," neno lake pekee la Kiswahili la kila siku, kana kwamba hakuna kitu. Nilitoa pini mdomoni moja moja. Nilipata muda wa kufikiri, na sikuupenda.

Nikawaambia wanyamaze. Kiingereza changu ni cha sokoni, kinajua bei na vipimo, lakini nilikisimamisha. Nikawaambia kapteni wao amesema uongo. Aliniambia nizibe, na mimi nikapanua kwa kichwa changu mwenyewe, sikumuuliza mtu, kwa kuwa nilidhani najua. Mechi ile nimewapotezea mimi. Kisha nikamgeukia mjukuu, na hilo nikalisema kwa Kiswahili.

"Nisamehe. Nilikukosea uwanjani, nikakukosea tena jikoni."

Mke wangu alisimama na sahani mkononi. Tumeoana miaka arobaini na moja na nadhani alikuwa anahesabu mara ngapi amelisikia neno hilo. Mjukuu alisema kwa Kiingereza, yameisha, Babu. Yule wa Walthamstow akamwendea, akamkumbatia pamoja na pini zote, wakachomana, wakaachana wakiruka. Kisha akarudi mbele yangu na kuinua mikono.

"Basi tubane, Papa. Tubane mpaka tukose pumzi."

Nikambana.

Jumapili ya mwisho mvua ilinyesha. Uwanja ulikuwa uji. Ilibidi watu watatu wamvalishe mmoja, na walipotoka chumbani walikuwa wamebanwa kama soseji, hawapendezi hata kidogo. Fundi mwingine angeona angesikitika. Nilisimama pembeni mwa mstari bila mwavuli. Mara hii nilijua pa kutazama. Nilitazama mikono ya wapinzani tu, ikiingia, ikipapasa, ikitoka mitupu. Mmoja wao aliinua mikono kwa refa akilalamika, nadhani kwamba hakuna pa kushika.

Haikuwa mechi nzuri. Watu walianguka ovyo, mpira uliteleza kama samaki. Zilipobaki dakika mbili watoto wetu walikuwa mbele kwa pointi nne, na wale wengine walikuwa na mpira karibu kabisa na mstari wetu. Walikuwa na majaribio manne ya kuvuka. Mara ya kwanza walizuiwa. Mara ya pili walisogea hatua moja. Mara ya tatu yule wa Walthamstow alimlalia mtu mwenye mpira. Mke wangu alikuwa ameshika mkono wangu, anauliza imebaki ngapi, nami namwambia moja, Mama, imebaki moja.

Mpira ukatoka. Aliyesimama mbele ya mjukuu wangu alikuwa mkubwa kama yeye. Niliona mkono wake ukienda kwapani, palepale, na ukateleza. Mjukuu akampita. Alimfikia mwenye mpira kabla hajageuka, wakaanguka wote wawili kwenye maji, na filimbi ikalia. Hawakuvuka, mechi ikawa yetu.

Nilitaka kumkimbilia, kumbe haviruhusiwi vitu hivyo, nikazuiwa na mtu anayelinda kamba ya pembeni. Basi nikabaki pale nje. Niliwaona wakirundikana juu yake, wote, na wale ambao walikuwa hawamsemeshi. Alipotoka chini ya rundo alikuwa hana helmeti, analia wazi kama alivyokuwa na miaka sita, na hakuinama. Alisimama pale katikati na ukubwa wake wote.

Wasomi watasema ni mazoezi, na kocha atasema ni mbinu zake. Waseme. Timu haikuvunjwa. Mjukuu alimaliza chuo kiangazi kile, sasa anafanya kazi Leeds, na Jumamosi anafundisha watoto mchezo huohuo. Kapteni mpya aliyekuja baada yake ni kijana mnene mwenye miwani, ana haya, hajui pa kuweka mikono. Alikuja dukani mwezi wa tisa na mfuko. Kabla sijagusa kitu nilimuuliza anataka nini, akanieleza, nikamwomba anieleze tena.

Leo nina vitu hivi. Nina duka Woolwich, mlango wa buluu. Nina cherehani tano, moja ya miguu, nne za umeme, na ovaloki mbili. Nina nyumba Plumstead, vyumba vitatu na bustani ya mchicha. Nina kiwanja Muheza chenye minazi saba na choo, nyumba bado. Nina gari dogo ambalo mke wangu ndiye anayeliendesha. Nina suti mbili nilizozishona mwenyewe. Nina mke, binti, wajukuu wanne. Na nina jezi ishirini na nane za chuo, zipo kwenye kamba nyuma ya duka, nimezibana zote, zinasubiri Jumapili.